Shingo Yangu na Pesa ya Uzeeni

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimesimama ghorofa ya tatu na robota la vitenge kichwani, nikasahau kulitua. Bosi Ghassan na mkewe, Bi Rania, hapo nyumbani kwao Upanga, walikuwa wanapiga hesabu ya pesa ya kupumzika uzeeni. Bosi kasema milioni mia sita zitawatosha. Bi Rania kamuuliza, na kiyoyozi utapuliza kwa mdomo? Wakafika mia nane. Mia nane! Watu wawili! Kumbe uzee ni mali ya kuagiza nje. Ndipo nikakumbuka robota, nikalitua kwa heshima.

Mimi nina laki sita, bosi ananitunzia. Jasho la miaka minne. Na mimi nina mke.

Jumanne, 15 Julai

Nimempigia mke wangu Evarista, huko Newala. Kwa mwezi anatumia ngapi? Kasema elfu sabini, misiba ikizidi themanini. Nikazidisha kwa miaka ishirini, ubavuni mwa boksi. Milioni kumi na sita na laki nane! Mkono wangu haujawahi kuandika namba ndefu hivyo. Nimekikata hicho kipande cha boksi, nakitunza.

Evarista kasema, Baba Celina, zote hizo za nini? Nyumba ipo, mikorosho arobaini ipo, inaanza maua. Njoo na hiyo laki sita tununue dawa ya kupulizia. Ikizaa vizuri, hubebi tena mzigo wa mtu.

Maskini, hajasikia hesabu za Upanga.

Athanas, kuli mwenzangu, mtu wa Makete, alikuwa anasikiliza. Kaniuliza pensheni ya kubeba kichwani inalipwa dirisha gani. Wivu.

Jumatano, 16 Julai

Njia imepatikana. Belo la mitumba! Nurdin, mwenye duka la mabelo, anauza moja laki sita. Halifunguliwi mpaka ulipe, ndiyo sheria. Wengine hunusa, wengine hupiga ngumi. Mimi nimelibeba. Miaka kumi na moja Kariakoo, shingo hii inajua. Uzito ule ni jinzi tupu. Nimechukua akiba yangu kwa bosi.

Nimelipa.

Alhamisi, 17 Julai

Makoti.

Arobaini na mawili. Ya baridi ya Ulaya, marefu mpaka miguuni, kofia zina manyoya kama mbwa. Na jua hili la Mtaa wa Kongo! Watu wamejaa kushangaa. Hata mimi nimeshangaa, ni nguo nzuri ajabu. Dereva wa bodaboda kajaribu moja, kasema litaingia kwenye tairi. Waridi muuza chai kauliza kama yamekuja na barafu yake.

Ijumaa, 18 Julai

Athanas kanunua yote kwa laki moja na nusu. Mjinga! Nimegeukia ukuta nicheke. Kayapakia kwenye basi la kwao Makete. Eti Julai huko maji ya ndoo yanaganda. Mtu muongo sana.

Jumatano, 23 Julai

Kaka yake Athanas kayauza makoti yote huko Makete, elfu thelathini kila moja. Milioni na ushee! Athanas kaja kuaga na shati jipya. Kasema, ndugu yangu Vitalis, mimi nimestaafu, narudi kulima viazi. Nimemtazama mpaka alipopotelea kwenye watu. Sijawahi kumwona mstaafu kwa karibu namna ile.

Nikampigia Evarista, nikamwambia yote. Kasema basi, njoo na hiyo laki na nusu, dawa kidogo itapatikana. Nauli amekopa kikobani, elfu hamsini, ameshatuma. Maua hayasubiri, Baba Celina, njoo tu.

Nimelia kidogo nyuma ya mkokoteni. Mwanamke wa ajabu!

Alhamisi, 24 Julai

Asubuhi nimefunga begi, nimeaga kwa bosi, nikaenda kukata tiketi. Njia inapita kwa Nurdin. Ana belo dogo, laki mbili kamili. Laki na nusu, na hamsini. Kama limepimwa kwa ajili yangu!

Safari hii nina akili. Kosa lilikuwa uzito. Nimelibeba hili mpaka kona na kurudi: jepesi, jepesi kabisa, kama halina kitu ndani. Shingo inasema hariri.

Mikorosho isubiri wiki moja tu.

Nimelipa.