Fundo la Mama Mkwe Kwenye Hibiskasi

Jumatatu, 2 Novemba

Mke wangu kaondoka asubuhi. Dada yake kajifungua, atarudi Jumapili. Kaniachia nyumba, cherehani, na onyo alilolirudia mpaka stendi: nisiiguse hibiskasi ya marehemu mama yake. Kasema aina ile huvumilia baridi. Juu hukauka ukadhani imekufa, kumbe mzizi umelala tu, tena ni mvivu wa kuamka. Ndicho kitu pekee cha mama yake kilichobaki hai. Nikiiharibu, atarudi kwa dada yake, na safari hiyo hatabeba begi dogo.

Nimeapa. Halafu nikaenda kuitazama. Vijiti vitano vikavu. Ng'ambo ya uzio, hibiskasi za jirani yetu daktari wa meno zimejaa maua mekundu mapana kama visahani. Yule bwana hucheka bila kuchekeshwa, apate kuonyesha kazi yake. Leo kanicheka mimi.

Jumanne, 3 Novemba

Nimeing'oa. Nimeigonga kwa jembe, ikalia kavu. Kitu kikilia hivyo kimekufa, sihitaji kufundishwa. Mzizi nimeutupa kwenye lundo la takataka nyuma ya choo.

Mpango: mke wangu akute maua. Nimekata matawi matano ya daktari alipokwenda kazini, nimeyachomeka kwenye shimo lile lile, na maua saba nimeyafunga kwa uzi wa kijani. Miaka ishirini ya ushonaji haijapotea bure. Kwa mbali huwezi kujua. Kwa karibu, usiende.

Jumatano, 4 Novemba

Maua yote yamenyauka. Kumbe ua la hibiskasi huishi siku moja. Mbona hakuna aliyeniambia?

Nimeiba mengine saba. Daktari kanisimamisha getini, kasema kuna mtu anamchumia maua. Nikasema mbuzi. Kauliza mbuzi gani anatumia mkasi. Nikasema siku hizi dunia imeharibika.

Alhamisi, 5 Novemba

Nimetoka na maua saba mkononi. Ya jana yalikuwa chini, yamesinyaa, pamoja na nyuzi zangu. Mafundo yangu hufunguka, hilo nakiri. Ndiyo maana wateja hurudi na vifungo vyao mfukoni. Mama mkwe, aliyenifundisha cherehani, alihangaika nami miaka mitatu: zungusha mara tatu, vuta mpaka lizame. Halafu alikuwa akiguna.

Lakini kwenye tawi la katikati kulikuwa na ua la nane. Bichi. Limefungwa kwa uzi mweusi. Fundo limezungushwa mara tatu, limezama.

Mimi sina uzi mweusi. Uliisha tangu wiki jana.

Nimeingia ndani nikafungua kabati. Kopo la mama mkwe la sindano na nyuzi, ambalo mke wangu hulifunga kwa kamba, lilikuwa wazi. Sindano imetungwa uzi mweusi. Nimelifunga. Nimekunywa chai nikiwa nimesimama.

Ijumaa, 6 Novemba

Ua lile halijanyauka. Siku ya pili, na bado lina umande. Mengine mawili yameongezeka, uzi mweusi, fundo lile lile. Yote matatu yametazama dirisha la chumba changu cha kushonea, ingawa jua liko upande mwingine.

Niliogopa, nakiri. Nilishona suruali nzima nikiwa nimeupa ukuta mgongo. Saa nne nikasikia mtu anaguna nje, karibu kabisa na dirisha. Nikachungulia. Hakuna mtu. Nikaitazama kazi yangu: mguu mmoja wa suruali nilikuwa nimeupachika nyuma mbele.

Nikafikiri vizuri. Maua yananyauka au hayanyauki? Hayanyauki. Sihitaji kuiba tena. Hasara iko wapi?

Jumapili, 8 Novemba

Karudi. Nilimfunika macho nikamwongoza mpaka bustanini. Maua kumi na moja. Sikutia mkono hata kwenye moja.

Hakutabasamu. Aligusa fundo kwa kidole, akauliza nani kafunga. Nikasema mimi. Akanipa ua na uzi, akasema nifunge tena, aone. Nikafunga. Likaanguka kabla sijatoa mkono.

Aliketi chini kwenye udongo akalia. Sikujua niweke mikono yangu wapi. Nikamwambia kweli yote: jembe, daktari, lundo la takataka. Akaanza kufukua kwa vidole. Chini ya vile vijiti vya wizi ulikuwepo mzizi, wenyewe, na alama ya jembe langu ubavuni. Udongo umemwagiliwa maji. Chipukizi mbili nyekundu.

Nimekwenda nyuma ya choo. Kwenye lundo kuna tundu tupu.

Mke wangu kasema hataondoka, kwa kuwa mama yake kaamua kukaa. Ila nisiombe chochote pale. Mama, kasema, alinivumilia vya kutosha akiwa hai.

Jumatatu, 9 Novemba

Nina mashati kumi na mawili ya walinzi, yanatakiwa kesho. Vifungo themanini na nne. Na pale bustanini kuna mtu ana fundo zuri na hana kazi.

Sikuomba. Nimeyapanga tu chini ya hibiskasi jioni, vifungo kwenye bakuli, sindano juu. Kuweka si kuomba.

Jumanne, 10 Novemba

Mashati yote kumi na mawili tayari. Yamekunjwa. Nimevuta kifungo kwa koleo, kitambaa kikachanika, kifungo kikabaki.

Jambo dogo tu. Nimeamka mikono haitoki. Shati langu la kulalia limeshonwa mwisho wa mikono yote miwili, mfano wa mifuko, na kola imeshonwa kwenye mto. Uzi mweusi. Mimi nimo ndani, na sikusikia kitu. Mke wangu kanifungua kwa mkasi, uso umempauka, halafu kasema hilo ndilo onyo la mwisho la mama.

Nimeupima ule mshono kwa futi kamba. Mishono ishirini kwa inchi, imenyooka, tena gizani, tena juu ya mtu anayegeukageuka.

Kesho nampelekea makoti.