Chini ya Jina Langu

Jumatatu, 10 Julai 2017
Leo tumepewa masharti. Nafasi ya kwenda kusomea uzamili wa ramani za kompyuta ng'ambo ya ziwa ni moja tu, na tumebaki wawili: mimi na mwenzangu wa kazini, Casimir. Kila mmoja atachora kambi ya waliokimbia vita, ile ya barabara ya Nyunzu. Profesa wa chuo hicho atachagua ramani moja, na hiyo hiyo itaongoza lori la maji la biro yetu, ofisi ya misaada. Casimir aliuliza kama tuhesabu na vyoo. Huyu anapenda vyoo! Mimi niliuliza profesa ana umri gani. Mama Rosalie, mkuu wetu, akasema ni mzee na macho yake si mazuri. Hilo nimeliandika. Casimir hakuliandika.

Jumatano, 12 Julai
Nimetembea kambi nzima na GPS mkononi, bloku zote saba, vumbi mpaka masikioni. Kwa hili nisilaumiwe, nilitembea. Bloku Saba ndiyo ya mwisho, kule bondeni, vibanda sitini na kimoja. Pale anakaa Mama Mouna, mdogo wake marehemu mama, aliyetoka Nyunzu kwa miguu mwezi wa pili na sufuria moja kichwani. Alinipikia bukari, ugali wetu wa muhogo, na vidagaa vya ndagala alivyokuwa amevipima vya siku mbili. Nikakataa. Nikala. Nikamwahidi kwamba wakishaingia kwenye ramani, lori litawafikia mlangoni. Aliuliza kama jina lake nalo litaandikwa. Nilicheka, nikamweleza kwamba kwenye ramani watu ni nukta.

Ijumaa, 14 Julai
Ramani iko tayari! Mbinu yangu ni hii: mzee mwenye macho mabovu atasahau nukta, hatasahau jina. Nimeandika ABOUBACAR ALFANI, MTAALAMU WA RAMANI, ndani ya fremu nyekundu yenye kivuli. Tatizo likawa mahali pa kuiweka. Juu kuna barabara. Kushoto kuna soko. Kona ya chini kulia ilikuwa na nukta chache tu, sitini na kitu, basi nimeiweka pale. Nukta hazijafutika. Ziko chini ya fremu na kompyuta inazijua. Nimechungulia ya Casimir: rangi ya bukari iliyolala, na jina dogo kama chawa. Masikini.

Jumatano, 19 Julai
Yangu imechaguliwa! Profesa amesema ramani yangu ina uso. Imechapishwa, imepigwa muhuri, imebandikwa ndani ya lori la dereva wetu, Ngoy. Casimir alinipa mkono. Kisha akaiangalia kwa muda mrefu, akauliza Bloku Saba iko wapi. Nikamwambia wivu utamuua.

Jumatatu, 24 Julai
Nimekutana na Mama Mouna kwenye njia ya ziwani, ana bidoni ya maji ya ziwa kichwani. Leo ni siku ya tano lori linaishia Bloku Sita na kugeuza. Wanawake walimzuia Ngoy na kumuuliza wao wako wapi kwenye ile karatasi. Ngoy alitafuta, akatafuta, mwisho akaweka kidole juu ya fremu yangu. Mama Mouna hajui kusoma, lakini jina langu analitambua tangu nilipoanza shule. Hakukasirika hata kidogo. Aliwaambia wenzake: "Tulieni, bamama. Ile jina njo ya mutoto yangu. Kama tuko chini yake, hawatatusahau." Alinisimulia haya akicheka, halafu akaendelea na safari yake. Nilipaswa kusema.

Jumanne, 25 Julai
Mbinu mpya: kurekebisha kimyakimya, profesa asijue. Nilimwendea Ngoy na kalamu ili nichore vibanda juu ya fremu. Alikataa katakata. "Papa Aboubacar, hii iko na kashe ya biro." Karatasi yenye muhuri haichorwi ovyo, labda niende na barua ya Mama Rosalie. Lakini kwenda kwa Mama Rosalie ni kukiri, na kukiri ni kumpa Casimir nafasi yangu. Nimeahirisha mpaka Alhamisi. Ni siku mbili tu.

Alhamisi, 27 Julai
Mama Mouna yuko kwenye hema la wagonjwa wa kipindupindu. Maji ya ziwa. Yeye na wengine wanane, wote wa Bloku Saba. Daktari anasema atapona. Amekonda kwa siku moja, ngozi ya vidole imejikunja. Nilimweleza yote: fremu, macho ya profesa, kalamu. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akauliza: "Sasa mbona haukuliandika kadogo?" Zile siku mbili nilizoahirisha zilikuwa zake, si zangu. Najuta. Nimeliandika neno hilo mara tatu na kulifuta, kwa sababu ni dogo.

Nilipofika kwa Mama Rosalie, nilimkuta Casimir ametangulia na ramani yake. Hakunisema. Alisema tu kwamba yake ina Bloku Saba. Mimi nikasema yaliyobaki. Lori lilifika bondeni saa tisa mchana.

Jumatatu, 7 Agosti
Casimir alivuka jana na boti ya Kigoma. Nafasi ni yake, na ni haki yake. Nilimsindikiza bandarini, nikashindwa kumwomba msamaha, nikambebea begi. Mama Mouna amerudi kwenye kibanda chake. Amenipikia tena. Afadhali angenitukana.

Mama Rosalie amenipa nafasi nyingine, sijui kwa nini. Ramani mpya, kambi pamoja na ufuo wa ziwa, na profesa ataiona. Nimeapa: jina langu halitakaa tena juu ya vichwa vya watu. Vibanda vyote sitini na kimoja vinaonekana, cha Mama Mouna nimekipaka rangi ya kijani. Jina nimelipeleka ziwani, kwenye maji matupu, pasipokaa mtu. Na kwa kuwa nafasi ni kubwa, nimekuza herufi. Linaanzia ufuoni na linakaribia Tanzania. Limependeza kuliko lile la kwanza!

Mama Rosalie alitaka pia nukta ya mahali wanaposhukia wale wanaokimbia vita kwa mitumbwi kutoka kusini, ili nao wapelekewe maji. Nukta nimeitia. Imeangukia chini ya herufi A ya mwanzo. Si neno. Kompyuta inaijua.