Ufa kwenye Mkia wa Joka

Alhamisi, 3 Novemba 1994

Nimeuona! Dirisha la kusini, mwanga wa alasiri, lenzi nzuri. Mstari mwembamba kama unywele, kutoka kwato ya nyuma ya farasi hadi mkia wa joka. Sarafu imelala miaka yote hii kwenye droo ya soksi, nami nimekuwa nikitazama tarehe tu. Mjinga!

Niandike kwa utaratibu. Nusu-peni ya Benki ya Kanada ya Juu, 1854. Shaba. Mtakatifu George juu ya farasi, joka chini. Zama hizo nchi haikuwa na sarafu zake; benki ndizo zilizotoa vijisenti ili watu wapate kununua mkate. Kila mtu katika chama chetu cha sarafu anajua kwamba kuna tarakimu ya nne yenye kimsalaba na nyingine isiyo nacho. Lakini mstari huu haumo katika orodha iliyochapishwa. Nimepekua, nikarudia kupekua. Haumo!

Na si mkwaruzo. Mkwaruzo huzama, huu umeinuka. Nimeupitishia ncha ya sindano, sindano ikaruka. Kwa hiyo muhuri wenyewe, ule wa chuma wa kugongea sarafu, ulipata ufa, na kila sarafu iliyogongwa baada ya hapo ikabeba alama yake. Muhuri usioandikwa popote! Na desturi yetu ni kwamba muhuri mpya hupewa jina la mahali sarafu ilipopatikana.

Hanesville, kijiji chetu. Kwa herufi za chapa.

Tangu Julai 1958, walipofunga bwawa na kuujaza mto ili meli kubwa zipite, ramani haina Hanesville. Ina rangi ya buluu. Nyanya yake baba alifukia nusu-peni chini ya kila kizingiti nyumba ilipojengwa, kama walivyofanya majirani wote. Ya mlango wa mbele niliichimba mwenyewe wiki ile ya mwisho. Ya mlango wa jikoni sikuifikia. Watu wa bwawa walikuja kuichoma nyumba mapema, na mafuta ya taa na kiberiti.

Nilimwita mke wangu, Verna, aone. Akasema anaona farasi mchafu, na je, madirisha ya ziada ya msimu wa baridi nitayafunga lini, au tungoje theluji iingie tuiandalie chai?

Tatizo ni kanuni. Sarafu moja ni kovu tu. Zikipatikana mbili zenye alama ileile, hapo muhuri umethibitika. Nahitaji ya pili kabla ya mkutano wa Alhamisi ijayo.

Ijumaa, 4 Novemba

Mwenye trei nzima ya nusu-peni za George ni mtu mmoja tu. Royal Barkley. Wa Gallinger!

Gallinger nayo imo chini ya maji, jirani kabisa na kwetu, lakini watu wake hawajawahi kunyenyekea. Stesheni yao ilikuwa kubwa kuliko yetu. Tumesikia. Mwaka 1939 walitufunga katika hoki ya barafu kwa goli lililoingia baada ya filimbi. Mfungaji, Royal. Hadi leo anashikilia kwamba tulichosikia ni ndege. Ndege! Februari!

Mpango: kesho naenda kwake na keki za siagi za Verna. Nasingizia kwamba nataka kulinganisha zile tarakimu za nne zenye kimsalaba. Naipata yenye ufa. Namwomba tubadilishane, kwa uso wa mtu asiyejali.

Jumamosi, 5 Novemba

Maafa.

Royal alikula keki zote kabla ya kuleta trei. Akasema zimekauka kidogo, nimwambie Verna. Nikavumilia. Nikaanza safu ya kwanza, ya pili. Katika safu ya tatu, hii hapa! Kahawia, imechakaa, lakini kwato hadi mkia, mstari uleule.

Nilidhani uso wangu haukusema kitu. Royal akauliza kama nimekabwa na keki. Nikamwambia, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ningeweza kumpa nusu-peni yangu ya 1857, ile inayong'aa, anipe hii mbovu, nimhurumie.

Akanitazama. "We Delmer," akasema, "tangu lini ukatoa kizuri ukachukua kibovu? Hebu lete lenzi."

Nikampa. Akaipitisha kutoka kwatoni hadi mkiani. Kisha akatabasamu tabasamu la 1939.

Jumapili, 6 Novemba

Kanisani Royal aliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Baada ya ibada, kwenye kahawa, alikuwa akimweleza kila mtu kwamba Alhamisi ataleta muhuri mpya, jina lake "Gallinger", na kwamba dada yake aliye katika nyumba ya wazee ameshaambiwa, amelia.

Yote yangekuwa sawa kama ningenyamaza. Hana ya pili! Angesimama mbele ya chama na kovu lake moja, akachekwa. Nilihitaji kunywa kahawa tu.

Nikajisikia nikisema, mbele ya mchungaji na ya sahani ya jibini, "Huwezi bila yangu!"

Royal akageuka polepole. "Kumbe unayo," akasema.

Jumatatu, 7 Novemba

Mazungumzo kwa simu. Tumekubaliana kwamba hakuna njia nyingine: sarafu yake na yangu, pamoja, na jina la vijiji viwili. Swali, kipi kitangulie. Nilisema Hanesville, kwa sababu mimi niliona kwanza. Yeye akasema niliona kwanza sebuleni kwangu, pasipo shahidi, ilhali yeye aliona mbele ya shahidi, na shahidi ni mimi.

Tukaamua kurusha sarafu. Yeye akairusha huko kwake. Nikasema kichwa. Nilisikia ikianguka mezani. Akasema pole sana, ni ndege. Dola yetu kweli ina ndege upande mmoja.

Nilikuwa nimeshaweka simu chini ndipo Verna, aliyekuwa akimenya viazi, akauliza nimejuaje kwamba ni ndege.

Gallinger–Hanesville. Hata hivyo, itachapishwa. Nimeiandika kwenye kipande cha gazeti nione inavyokaa. Inakaa vibaya, lakini inakaa.

Jumatano, 9 Novemba

Wazo! Orodha huchapisha picha moja tu ya kila muhuri, na chini ya picha huandikwa mahali sarafu hiyo ilipotoka. Watachagua ipi? Ile inayoonekana vizuri. Ya Royal ni kahawia kama kinyesi cha kulungu. Yangu pia ni kahawia. Lakini kama yangu ingekuwa na mng'ao kidogo tu, chini ya picha pangeandikwa "Hanesville" peke yake. Shikamoo, Gallinger.

Najua kwamba sarafu haisafishwi. Nani ajuaye kuliko mimi? Nimewahi kutoa hotuba ndefu chamani juu ya jambo hilo, na nilimtaja kwa jina mtu aliyesugua peni kwa dawa ya meno. Alihama chama.

Lakini hapa hakuna kusugua. Ni kuamsha tu. Siki na chumvi, basi.

Baadaye. Verna yuko kanisani anapika maharagwe ya karamu. Siki imefanya kazi, ila kumebaki weusi kando ya mkia, palepale panapotakiwa kuonekana. Nimechukua stilwaya ya kusugulia sufuria. Kwa wepesi sana. Kama mtu anayempapasa mtoto.

Inang'aa! Mtakatifu George kama ametoka dukani leo asubuhi.

Alhamisi, 10 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mkutano ulikuwa katika chumba cha chini cha maktaba. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Muriel MacDonell, ambaye alifundisha nusu ya watu waliokuwamo na bado anatutazama kama watu ambao hawajanawa mikono. Alichukua ya Royal kwanza. Lenzi, taa, sindano. Akasema ndiyo, ni ufa wa muhuri, umeinuka, unatoka kwatoni hadi mkiani. Minong'ono. Royal akavimba.

Kisha akachukua yangu. Akaitazama. Akaigeuza kwenye taa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Delmer," akasema, kwa sauti ya darasa la nne, "mstari uko wapi?"

Nikasema upo hapo, Mwalimu, kwatoni. Akanipa lenzi. Kwato ipo. Mkia upo. Katikati yake uwanda mtupu unaong'aa kama sinki, na mikwaruzo midogo midogo, yote imezama.

"Umesafisha," akasema. Hakuuliza.

Nikasema niliamsha tu. Kuna mtu alicheka nyuma. Mwalimu akasema chama hakiwezi kupokea mstari uliokuwepo jana. Sarafu ya Bwana Barkley imebaki peke yake, na iliyo peke yake ni kovu. Ajenda inayofuata, chai.

Nilimngoja Royal anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na jibu lililohusu filimbi. Hakunitukana. Alifunga sarafu yake ndani ya kitambaa, akavaa kofia, akasimama karibu yangu bila kunitazama.

"Umetuzamisha tena," akasema.

Akaenda zake.

Ijumaa, 11 Novemba

Sikulala vizuri. Siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Tulisimama mbele ya mnara wa mashujaa, kila mtu na ua lake jekundu kifuani. Mnara wenyewe ulitoka Hanesville. Waliuhamisha kwa lori kabla ya maji. Majina ya wavulana kumi na moja, na juu yake lilikuwapo jina la kijiji, ambalo barafu ya miaka mingi imelila. Leo nimelipapasa. Linasomeka HAN, kisha hakuna kitu.

Nilimtazama Royal upande wa pili wa barabara. Mwaka huu ametembea na fimbo. Sikuwa nimeiona. Nilifikiria dada yake, ambaye itabidi aambiwe upya. Nimefanya mambo mengi ya kipumbavu, lakini mengine yalikuwa yangu peke yangu.

Baada ya tarumbeta alinijia. Akasema, akitazama viatu vyake, kwamba wameteremsha maji bwawani na barabara ya zamani imeanza kuonekana. Kisha, "Yule nyanya wa baba yako. Alifukia chini ya kila kizingiti, sivyo? Ndivyo walivyofanya wote."

Mlango wa jikoni!

Nilitaka kumkumbatia. Nilimshika kiwiko. Akasema nimwachie, watu wanatazama.

Jumanne, 15 Novemba

Tumekwenda. Mabuti ya mpira, sepetu mbili, chupa ya chai. Maji yamerudi nyuma kweli. Barabara imo pale pale, na visiki vya mepo, miti yetu ya kivuli, pande zote mbili, vimekatwa vifupi ili visitoboe mashua. Njia ya saruji ya waenda kwa miguu haitoki popote, haiendi popote. Royal alitembea juu yake kwa adabu, hakukanyaga nyasi, yaani matope.

Nimeipata nyumba yetu. Mawe ya msingi, hadi magotini. Nilisimama jikoni. Jiko lilikuwa hapa, kiti cha mama hapa. Upepo ulitokea kule kule ulikokuwa ukitokea, kwenye pembe ya kaskazini ambayo baba hakuwahi kuiziba. Royal alivua kofia. Hakutaja stesheni. Akauliza mlango wa jikoni ulikuwa upande gani.

Nami nikamwonyesha lilipokuwa banda la kuku.

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Kama sarafu ingepatikana kwa mkono wangu, pekee, katika ardhi yetu, basi pengine jina lingeanza na Hanesville. Ilinijia hivyo, mkono ukaelekeza wenyewe.

Alichimba banda la kuku kwa bidii, mzee wa fimbo, akihema. Mimi nikaenda jikoni, nikainua jiwe, nikaingiza vidole kwenye tope baridi. Ipo! Duara, nyeusi, imevaa ganda kama kidonda. Nikaitumbukiza ndani ya buti.

Royal akaja na kitu mkononi. Kitasa cha mlango, cha kaure nyeupe, kimepasuka. Kilikuwa kule kwa kuku. "Hiki ni chenu," akasema, akanifutia tope kwa kitambaa chake kabla ya kunipa. Akasema pole kwa sarafu; tumejaribu.

Nikasema ndiyo, tumejaribu. Nilichechemea hadi kwenye gari. Akaniuliza kama nimeumia mguu. Akanipa fimbo yake.

Jumatano, 16 Novemba

Iko mezani, juu ya kitambaa, kando ya kitasa. Ganda limefunika farasi, joka, kila kitu. Nimempigia simu Mwalimu Muriel. Amesema, polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto aliye juu ya paa, nisiiguse. Nisiipake kitu. Niilete kama ilivyo, yeye ana njia zake, na kama mstari umo chini ya ganda utaonekana.

Nimemwambia nimeelewa. Nimeelewa kabisa. Sirudii kosa lile maisha yangu yote.

Royal naye amepiga. Anataka kujua hali ya mguu. Nikasema unapona. Kisha akauliza kama kweli hatukukosa pembe yoyote, maana dada yake haachi kuuliza. Nikasema hatukukosa. Nitamwambia, bila shaka. Nitamwambia nikishakuwa na uhakika kwamba mstari upo. Si haki kumpa dada yake matumaini ya bure.

Na uhakika utatoka wapi, na ganda hili? Sihitaji kuisafisha. Nahitaji kufungua kidirisha tu, kwatoni, kipana kama punje ya mtama. Mwalimu hatajua.

Verna ameificha siki. Haidhuru, nilikuwa na safari ya dukani. Stilwaya niliyonunua leo ni laini zaidi kuliko ile ya kwanza. Muuzaji mwenyewe amenihakikishia.