Chupa ya Hardesty, Kichwa Chini

Alhamisi, 12 Septemba

Katika kaunti yetu nzima hapa Kentucky, hakuna mtu mwenye bahati na chupa kama mimi, Dorsey Cissell. Naandika kwa wino, isifutike. Wengine wanazitafuta wiski nzuri. Mimi zinanitafuta zenyewe, zinapiga hodi, zinafuta miguu mlangoni.

Leo wakwe wamekuja kula. Binti yangu Marlee anaolewa Jumamosi, tarehe 19 Oktoba, kwenye konde letu la nyasi, mbele ya banda la tumbaku. Bwana harusi anaitwa Tate. Kijana mzuri. Kasoro yake moja tu: babake ni Gaylon Hagan. Gaylon ametengeneza mapipa ya wiski miaka thelathini na minne. Mikono kama makasia. Maneno mawili kwa siku, na la pili ni la kuaga. Na anatia soda ya tangawizi kwenye bourbon, wiski yetu ya mahindi, ya miaka kumi! Nimemwona kwa macho yangu. Nikageuza uso, kama mtu aliyemkuta jirani bafuni.

Baada ya kitindamlo likaja suala la chupa ya kuzika. Mwezi mmoja kamili kabla ya harusi, pale pale itakapofungwa, unazika chupa ya bourbon iliyojaa, haijafunguliwa, kichwa chini. Mvua inakaa mbali. Siku ya harusi unaifukua, watu wanainywa. Bibi zetu walifanya hivyo, na bibi zetu hawakulowa.

Gaylon akakohoa, akasema anayo Old Beulah nyumbani, kama inafaa.

Old Beulah! Ile ya kusafishia kabureta! Nikasimama na leso ya mezani shingoni. Nikasema binti yangu hazikiwi Old Beulah. Nitamzikia Hardesty ya miaka kumi na miwili. Marlee akaniuliza, kweli, Baba? Macho yaking'aa kama siku ile nilipomletea farasi. Nikamwambia neno langu ni neno.

Wageni walipoondoka mke wangu Imelda akauliza mara ya mwisho niliiona Hardesty dukani lini. Nikamwambia imani yake ni haba. Nina siku saba. Nyingi mno!

Ijumaa, 13 Septemba

Ajabu ya huku kwetu. Nyuma ya nyumba yangu kuna maghala saba ya wiski. Nguo zikianikwa zinanukia bourbon. Kuta za jikoni ni nyeusi kwa ukungu wa mvuke wake. Wazee wanasema kinachopotea hewani ni fungu la malaika. Malaika wanapata kila siku, mimi jirani yao sipati. Chupa zote zinakwenda ng'ambo. Au zinabebwa na watu wa jimbo la Ohio, wanaolala kwenye viti vya kukunja nje ya duka la pombe la Twyla Spalding.

Lakini Twyla ni mwanamke, na mwanamke ana moyo. Nikamchukulia paja la nguruwe nililolikausha kwa chumvi miezi kumi na minane. Zuri, jekundu, lingemtoa askofu kwenye mfungo. Kufika, nakuta kaunta imejaa pai nne, mitungi ya jamu, na kuku hai ndani ya kikapu. Wajanja wamenitangulia.

Twyla akaniambia, Dorsey mpenzi, kama wiski ingepatikana kwa pai, mbwa wangu wangekuwa wanakunywa Hardesty. Lori linakuja Jumanne. Chupa ni moja, kwa duka zima! Jumatano alasiri ataipigia kura. Kila mtu jina lake mara moja, na awepo mwenyewe.

Paja alilichukua lakini.

Rafuni zimebaki vodka zenye ladha ya keki. Nje, daktari wa meno kutoka Ohio akaniuliza mwenyeji anapenda nini. Alikosea kuniuliza. Nilimpa saa nzima. Nikamwambia Sallee Brothers ni ya asubuhi za baridi, ina pilipili, inaamsha hata soksi. Cutler's Knob ni ya kunywa na mtu unayemdai msamaha, maana ni tamu, na inachelewa kuisha mdomoni. Lakini Hardesty! Hardesty ni mkate wa tangawizi uliookwa ndani ya tandiko la farasi, ukaliwa kanisani. Akaandika yote. Akauliza ninazo ngapi nyumbani. Nikamwambia za kutosha.

Jumamosi, 14 Septemba

Imelda ameuliza paja la nguruwe liko wapi. Kumbe lilikuwa la harusi.

Sina la kuandika zaidi leo.

Jumanne, 17 Septemba

Mpango mkubwa. Kwa nini nisubiri lori lifike dukani? Mwindaji haendi buchani! Nikavizia njia panda tangu saa kumi na mbili asubuhi. Likapita lori jeupe, halina maandishi. La siri. Nikajua ndilo. Nikalifuata kwa pikapu, taa nimezima, ujanja mtupu.

Mji wa kwanza halikusimama. Wa pili halikusimama. Nikatazama kioo: nyuma yangu pikapu tatu. Baadaye sita. Baadaye kumi. Nikajisemea, tazama, nimewatangulia wote! Moyo ukanipanda.

Lori likaingia uani kwa shule ya msingi. Nikaingia. Wote kumi wakaingia. Dereva akafungua mlango wa nyuma.

Maziwa. Maboksi na maboksi ya maziwa ya watoto.

Mpishi wa shule akatoka na mwiko, akauliza sisi wanaume kumi na mmoja ni nani, na tunatafuta nini kwa watoto wa watu. Yule daktari wa meno akasema yeye alikuwa ananifuata mimi, kwa sababu naendesha kama mtu anayejua. Wengine wakasema na wao vivyo hivyo. Mpishi akatuhurumia. Akampa kila mmoja kiboksi kimoja cha maziwa ya chokoleti. Tukanywa tumeegemea magari, tukabadilishana hadithi za chupa zilizotuponyoka. Asubuhi nzuri sana, ukweli usemwe. Daktari ana picha za mapacha wake.

Tulipofika kwa Twyla lori la kweli lilikuwa limeshaondoka.

Jumatano, 18 Septemba

Siku ya kura. Sheria inasema jina moja kwa kila mtu. Haikusema mtu awe nani! Na lile la kuwepo mwenyewe sikulisikia vizuri. Nikaandika langu. Nikaandika la Imelda. La shangazi aliyelazwa. La shemeji aliyeko Alaska. Karatasi moja ikabaki, na karatasi ni neema, haitupwi. Nikaandika la bibi yangu, Bertille Cissell.

Watu zaidi ya mia. Twyla ameweka karatasi ndani ya kipipa kidogo, anakizungusha kama anayesukasuka maziwa apate siagi. Padri Linus naye yupo, na kofia yake ya uvuvi, ili asijulikane. Kila mtu amemjua.

Mkono wa Twyla ukaingia. Ukatoka. Akasoma kwa sauti: Bertille Cissell!

Bibi hata mbinguni hakunisahau! Nikanyoosha mkono. Nikasema nimekuja kwa niaba yake, bibi leo hajisikii vizuri.

Padri Linus akavua kofia. Akasema kwa upole, mbele ya watu wote, kwamba yeye mwenyewe alimzika Bertille mwaka themanini na nane, na kwa kadiri anavyojua hajajisikia vizuri tangu hapo.

Watu walicheka mpaka yule kuku akataga. Twyla akachana karatasi ya bibi. Kisha akazisaka zangu zote, akazichana, na ile ya halali humo humo. Akazungusha tena. Akasoma: Gaylon Hagan.

Karatasi moja tu aliweka! Mtu mmoja, jina moja, bila akili yoyote! Akaipokea, akaibana kwapani kama mkate, akaondoka. Hata tabasamu hakuna.

Sijala. Imelda ameniletea supu bila kunitajia paja la nguruwe, basi ujue hali ni mbaya. Kesho ndiyo tarehe. Hardesty ya kaunti nzima imekwenda kuogeleshwa kwenye soda. Nimejaribu mara tatu kumpigia Marlee. Simu ikiita mara moja naikata. Nitamwambia nini? Sio wiski. Ni lile jicho lake pale mezani.

Alhamisi, 19 Septemba

Alfajiri. Hodi. Nafungua, Gaylon yuko barazani na kitu kimefungwa gazetini.

Alitoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake. Nainakili yote. Mkwe, nilikusikia ukimwahidi mtoto. Baba asivunje neno kwa binti yake. Usiseme imetoka kwangu. Mimi ningetia soda tu.

Nikaipokea. Nikamwambia macho yangu yana mzio wa nyasi kavu. Akasema hata yake. Akaenda zake.

Nikampigia Marlee, nikamwambia imepatikana. Akapiga ukelele mpaka mbwa wangu akainuka. Akasema, Baba, wewe ni kiboko, unazipataje? Nikasema kila mtu na kipaji chake.

Sasa kuzika. Wawindaji wako kila mahali na kila mtu kauntini anajua nilichoahidi. Nikiweka kijiti au jiwe, nimewaandikia mwaliko. Lakini Dorsey Cissell hakuzaliwa jana! Konde limejaa marobota makubwa ya nyasi, ya mviringo, kila moja zito kama fahali. Nani atashuku robota? Nikahesabu: robota la tatu kutoka uzio, hatua ishirini kuelekea banda. Nikachimba futi mbili. Nikaipiga busu. Nikaizika kichwa chini. Nikarudishia udongo na majani, hata mimi nilipogeuka sikuona kitu.

Sikumwambia mtu. Hata Imelda. Siri ya watu wawili ni tangazo.

Jumatano, 9 Oktoba

Imelda amesema viti mia na ishirini haviwezi kupangwa katikati ya marobota. Nikawasha trekta. Kazi ya siku nzima, marobota arobaini na moja, yote nimeyapeleka mwenyewe nyuma ya banda. Peke yangu! Konde sasa safi, laini, kama kipara cha askofu. Imelda akanisifu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tununue friji. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tangu asubuhi mawingu meusi pande zote nne. Kwa jirani upande wa mashariki inanyesha, tunaiona. Barabarani inanyesha. Kondeni kwetu jua! Jua la duara, kama limekatwa kwa mkasi. Watu wanatazama juu, wananishika mkono. Nimetembea kama waziri.

Padri Linus akafungisha ndoa. Tate akalia, Marlee akamfuta. Kisha Marlee akageuka, akatangaza kwamba sasa Baba atatufukulia Hardesty. Makofi! Nikachukua beleshi. Nikatembea kwa madaha hadi kwenye uzio. Nikaanza kuhesabu marobota.

Moja.

Hapana, hata moja.

Nilisimama pale kitambo, beleshi begani, watu mia na ishirini nyuma yangu. Imelda ndiye aliyeelewa wa kwanza. Nilimsikia toka mbali akisema, Dorsey, Mungu wangu, usiniambie alama ilikuwa marobota.

Nikakisia mahali. Nikachimba. Hakuna. Nikasogea. Hakuna. Gaylon akavua koti, akalikunja vizuri, akachukua beleshi la pili, akaanza bila kuuliza. Tate akafuata. Padri Linus akapandisha kanzu. Shangazi aliyetoka hospitali akachimba na kijiko cha keki. Wapiga fidla wakaona kazi imekuwa kazi, wakapiga wimbo wa haraka, na watu wakawa wanachimba kwa mdundo. Mashimo kumi na manne! Tukapata kiatu cha farasi, jino la jembe, na bakuli la mbwa wa babangu.

Marlee alikuja ameshika gauni mkono mmoja, jembe mkono mwingine, matope mpaka magotini, anacheka hata hawezi kupumua. Nikamwambia mwanangu, nimekuaibisha. Akasema, Baba, umeona tone? Chupa iko kazini. Iache.

Kisha akanibusu na matope yake, nikabaki na alama shavuni. Sijanawa bado.

Gaylon akaenda kwenye gari lake. Akarudi na Old Beulah mbili na kreti ya soda ya tangawizi. Akanimiminia. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikanywa.

Ni tamu. Nilikunywa tatu. Shajara hii ikipotea, nitakana.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua kubwa tangu jana, mashimo kumi na manne yamekuwa mabwawa. Bata wamehamia.

Nimeshachora ramani ya kuchimba kisayansi, mstari kwa mstari. Leo nimemaliza mistari miwili kwenye tope. Na sijaweka kijiti, nisiwape wezi faida: mahali nilipoishia ni usawa kabisa wa yule ng'ombe mweupe aliyelala. Wakati huo huo daktari wa meno amenipigia kutoka Ohio, kasikia kuna lori la Cutler's Knob Alhamisi. Jeupe, halina maandishi. Nimemwambia anifuate mimi.

Jioni Marlee amepiga simu, akaniuliza tena ile Hardesty niliipata wapi hasa. Nikamwambia ni bahati tu, mwanangu.

Uongo. Gaylon aliniletea. Na kabla ya Gaylon sikuwahi kupata Hardesty hata moja maishani mwangu.