Kilo Arobaini za Hewa

Mwaka ulikuwa 2023, msimu wa vuli, na mvua ilikuwa imeinyeshea Nairobi kwa siku tisa mfululizo bila kuomba radhi. Norman Sifuna alikuwa amejibanza chini ya turubai la kibanda cha chakula kule Upper Hill, akilinda boksi la miwani ya kusomea ambayo haikuwahi kumsaidia mtu yeyote kusoma. Hapo ndipo alipomwona mwanamke mwenye suti nadhifu akimalizia chapati ya nne huku machozi yakimtiririka.

"Debra, kwani hujashiba?" mwenziwe alimuuliza.

"Nilishiba ile ya kwanza," Debra alijibu, akifuta pua kwa karatasi ya shashi. "Hizi zingine ni za meneja wangu."

Norman alisahau mvua, akasahau na miwani. Mwenye njaa, aliwaza, hula akashiba, na biashara ikaishia hapo. Lakini mtu anayekula kwa sababu ya meneja hana kituo, kwa kuwa mameneja hawamaliziki duniani. Katika miaka kumi na mitano ya kutafuta riziki bila kuitolea jasho, Norman hakuwahi kukutana na bidhaa ambayo mteja mwenyewe huibeba mwilini, huileta hadi dukani, kisha hulipa ili aondolewe.

"Dada yangu, samahani," alisema, akisogea kwa adabu ya mhubiri. "Wewe huna shida ya tumbo. Wewe una shida ya moyo, na tumbo ndilo linaloadhibiwa."

Debra alimtazama. Miaka yote ile, hakuna daktari aliyewahi kumwambia neno la kweli kama hilo. Na lililosikitisha ni kwamba lilikuwa la kweli hasa.

Kabla ya wiki kwisha, Norman alikuwa amekodi chumba nyuma ya saluni moja ya Westlands na kukipa jina la Kituo cha Moyo na Mizani. Koti lake jeupe lilikuwa la mtumba, lenye jina la mtu mwingine lililodariziwa kifuani, nalo alilifunika kwa kalamu tatu. Katibu wake alikuwa Jacklyne Awuor, msichana mwenye akili nyingi na subira kidogo, aliyeahidiwa shilingi elfu tano kwa mwezi pamoja na "mustakabali".

Fahari ya kituo ilikuwa mizani. Ilikuwa kipande cha kioo kilichong'olewa kwenye meza ya sebuleni, chini yake balbu ya rangi ya buluu. Haikuwa na namba wala mshale.

"Hii ni mizani ya kisasa," Norman aliwaeleza wanawake wanane waliojiandikisha. "Haisemi na mtu. Inasema na simu yangu."

Siku ya kwanza alimuuliza kila mmoja wao, kwa upole, hospitali ilimwambia ana kilo ngapi. Kisha alimpandisha kwenye kioo, akaitazama simu, naye akatamka namba ile ile. Wanawake walistaajabia usahihi huo. Masharti yalikuwa ya kiungwana: kila kilo itakayopungua, shilingi elfu moja, isiyopungua, hulipi. Na kila wiki, bila kukosa, simu ilisema kwamba kila mmoja alikuwa amepunguza kilo moja.

Kwa kuwa muda wa saa nzima haungeweza kujazwa na kioo peke yake, Norman alilazimika kubuni tiba. Aliwapa kila mmoja daftari la shule. "Kabla hujafunua sufuria," aliwaagiza, "andika jibu la swali hili: ni nani aliyenikosea leo? Kisha njoo unisomee." Swali hilo alilitunga akiwa chooni, na hakulipa uzito wowote.

Mwanafunzi wa nane alikuwa Waithera, mjane wa mtaa wa Kabiria ambaye kila mtu alimwita Mama Ndungu. Debra, mpangaji wake, ndiye aliyemleta. Mama Ndungu alikuwa na bohari ya viazi, nyumba za kupangisha, na goti la kulia lililokataa kupanda ngazi. Daktari wa mifupa alikuwa amempa tarehe ya upasuaji katikati ya Februari kwa sharti moja: apunguze kilo kumi kati ya mia moja na nne alizokuwa nazo. Asipopunguza, angeendelea kuburura mguu ule hadi ukomo wa siku zake.

"Mimi sitalipa kila wiki, daktari," alisema siku ya kwanza, akikibana kiondo chake cha katani kwapani. "Viazi hulipwa mwisho, baada ya kupimwa kwangu. Hata na mimi ni hivyo."

"Hakuna neno, mama," Norman alijibu kwa ukarimu wa mtu aliyekuwa akipokea kutoka kwa wengine saba.

Na hapa ndipo alipofanya kosa. Mwanamke wa Nairobi haweki mkoba wake chini katika chumba cha mtu asiyemjua. Huenda nao chooni, hupigwa picha nao, na akiambiwa apande mizani hupanda nao. Norman, ambaye mizani yake haikupima chochote, hakuona sababu ya kukataza.

Wiki ya pili, Mama Ndungu alipanda na kiondo. "Mia moja na tatu!" Norman alitangaza, na wenzake wakapiga makofi. Wiki ya tatu: "Mia moja na mbili!" Wiki ya nne Jacklyne alijaribu kumpokea kiondo ili atie sahihi, nusura aanguke nacho.

"Boss," alimnong'oneza Norman baadaye, "kiondo ya huyo mama imenivunja bega. Kwani amebeba nini?"

"Wanawake hubeba maisha yao yote mle," Norman alisema. "Usichunguze wateja."

"Na mshahara wangu wa Oktoba je, nao nisichunguze?"

"Jacklyne, tunajenga mustakabali."

Jambo ambalo Norman hakulitarajia ni madaftari. Alidhani atasikiliza kwa sikio moja tu, lakini maneno yalikuwa na uzito ambao kioo hakikuwa nao. Debra alisoma jinsi meneja alivyomwita mzigo mbele ya wateja. Mama Ndungu alisoma kwa sauti isiyotetereka: "Jumanne. Hakuna aliyenikosea. Nilipika ugali wa watu wawili kama kawaida. Sahani ya mzee nikiirudisha kabatini naona ni kama ninamfukuza. Basi nikala yangu, nikala na yake." Marehemu alikuwa na miaka miwili kaburini.

Siku hiyo Norman alivuka barabara akala chipsi sahani mbili na soseji tatu bila kuketi. Wiki iliyofuata akaongeza kuku. Kila uongo aliousema asubuhi ulidai mandazi mchana; na kila simu ya mama yake kutoka Webuye, aliyekuwa akiwatangazia waumini kwamba mwanawe sasa ni daktari, ilidai mandazi mawili. Kifungo cha koti kilikatika mbele ya darasa, kikaruka na kugonga dirisha. Wanawake walijifanya hawakuona, kama wanavyofanya watu waliolelewa vizuri.

Wiki ya nane simu ilipotamka "Tisini na saba!", Mama Ndungu alishuka taratibu.

"Daktari, wewe ni mtu wa ajabu," alisema. "Chama chetu kina akina mama arobaini. Wote wanataka kuanza, na kila mmoja ana elfu tano mkononi. Kuja Jumamosi saa nne, kule bohari yangu. Beba mizani."

Laki mbili! Norman alikaza uso usitabasamu. Usiku huo huo alinunua tiketi ya basi la Jumamosi jioni, ya mtu mmoja. Jacklyne aliiona tiketi hiyo ikichungulia kwenye mfuko wa koti, akasoma idadi ya abiria: mmoja. Naye akachukua simu yake akaenda nje kuongea na mtu.

Jumamosi ilikuwa na jua la kwanza baada ya wiki nyingi. Bohari ya Kabiria ilinukia udongo mbichi. Akina mama arobaini hawakuwapo; walikuwapo saba tu, wateja wake mwenyewe, wameketi juu ya magunia na madaftari magotini. Katikati palisimama mizani ya chuma yenye jukwaa, ile ya kupimia magunia.

"Weka yako hapo kando yake," Mama Ndungu alisema. "Nipime."

Norman aliitazama simu. "Tisini na… tisini na sita, mama. Hongera."

Mama Ndungu alishuka kwenye kioo, akapanda jukwaani na kiondo chake. Mkono wa chuma ulipanda ukatulia.

"Debra, soma."

"Mia moja na kumi na nne," Debra alisoma polepole.

Ndipo Mama Ndungu alipoanza kutoa pakiti za unga wa ugali kiondoni, za kilo mbili mbili, akazipanga sakafuni moja baada ya nyingine hadi zikatimia saba.

"Kila wiki nimekuja nikiongeza moja," alisema. "Kila wiki mizani yako ikasema nimepungua. Kijana, mimi nimepigana na mabroka, hawa madalali wa viazi, miaka thelathini. Nimeona mizani iliyofungwa waya, nimeona iliyowekwa sumaku. Lakini ya kupima mtu akiwa na kilo kumi na nne za unga, aitwe mwembamba? Hiyo sijaona. Hata broka ana haya kidogo."

Wanawake walicheka, kisha wakakumbuka fedha zao, wakaacha. Mmoja mmoja walipanda jukwaani. Kilo ambazo Norman alikuwa amewauzia zilikuwa arobaini na tisa. Za kweli zilipatikana tisa. Arobaini zilikuwa hewa.

"Mama zangu, dada zangu," Norman alianza, mikono ikiwa imefunguka kama ya mhubiri, miguu ikielekea langoni, "sayansi ina changamoto zake…"

"Panda na wewe," Debra alisema.

"Mimi?"

"Ndio, wewe. Si ndiwe mwalimu?"

Alipanda. Alikuwa amenenepa kilo kumi na moja tangu afungue kituo. Hakuna aliyecheka mara hii. Mama Ndungu aliuliza kama anayeuliza bei ya mchicha:

"Na wewe, ni nani aliyekukosea?"

Norman alianza kushuka jukwaani.

"Fedha ziko wapi?" Debra alidakia.

"Nimezila," Norman alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alikuwa amesema kweli tupu.

Mama Ndungu alimpa chaguo: kituo cha polisi, au kubeba magunia siku sitini. Mshahara wake ungekwenda kwa akina mama hadi kilo arobaini za hewa zirudishwe zote, naye angebakiwa na nauli na chakula cha mchana, githeri ya mahindi na maharagwe.

"Na nikikimbia?" Norman aliuliza, kwa nia ya kupata habari tu.

"Kimbia. Nina namba ya mama yako. Jana nilimpigia."

Norman aliketi juu ya gunia. "Ulimwambia nini?"

"Nilimsalimia tu. Mama mzuri. Ameniombea goti." Akainua pakiti moja ya unga. "Bado hajui kitu. Nikiulizwa unafanya nini, ningependa kusema unafanya kazi."

Hakuna haja ya kuuliza namba ilitoka wapi. Jacklyne alikuwa ameketi nyuma ya meza ya karani boharini humo, akinoa penseli.

Hivyo basi Norman Sifuna alibeba viazi. Wiki ya kwanza mabega yalimlilia, wiki ya tatu yakanyamaza. Jumamosi mchana, kwa amri ya akina mama, alinawa mikono akaketi kuwasikiliza wakisoma madaftari yao, maana sehemu hiyo, walisema, ndiyo pekee waliyopewa kwa haki. Krismasi ilimkuta bado anabeba. Siku moja mwezi wa Januari Mama Ndungu alisoma: "Jumatano. Nimepika ugali wa mtu mmoja. Sahani ya mzee nimeiosha, nimeiweka juu kabatini ninapoiona." Akafunga daftari. Norman alifuta macho, akasingizia vumbi la viazi.

Jambo la ajabu ni kwamba njaa ilimwacha. Aliyekwisha kugunduliwa hana tena hofu ya kutafuna, kwa hiyo alikula githeri yake, akashiba, na ikawa basi.

Siku ya sitini ilikuwa Ijumaa, siku tatu kabla ya upasuaji. Norman aliteremsha gunia la mwisho. Mama Ndungu alikiweka kiondo juu ya kiti, akavua viatu, akapanda jukwaani mikono mitupu. Mkono wa chuma ulisitasita, ukatikisika, ukatulia.

"Tisini na nne," Norman alisoma. Alisoma tena, kwa kuwa alijua thamani ya namba alizowahi kuzitamka. "Mama, ni tisini na nne. Kweli."

Mama Ndungu alishuka, akafungua kiondo, akahesabu shilingi elfu kumi.

"Kilo kumi, elfu kumi. Tulipatana nitalipa mwisho, baada ya kupimwa kwangu."

"Lakini mama, mimi nilikuwa tapeli."

"Wewe ulikuwa tapeli. Swali lako halikuwa tapeli. Shika."

Norman alizishika, akaaga, akaelekea langoni akiwa mtu huru, bila deni la kilo hata moja. Ng'ambo ya barabara mwanamke aligeuza chapati kwenye kikaango, na harufu yake ikaingia hadi mifupani. Ghafla tumbo lilinguruma kana kwamba halijaonja kitu tangu Oktoba, ingawa githeri ilikuwa haijatulia bado. Chapati sita, tumbo lilisema. Na basi la jioni.

Akasimama. Ni nani aliyenikosea leo? Alitafuta kwa bidii, akapitia watu wote aliowajua, asimpate hata mmoja. Alipolipindua swali, ni nani niliyemkosea, akamwona mara moja, ameketi nyuma ya meza ya karani na penseli sikioni.

Alirudi, akaziweka zote mezani.

"Oktoba na Novemba," alisema. "Elfu tano mara mbili. Nisamehe, dada."

Tumbo likanyamaza. Jacklyne alizitazama noti, akamtazama yeye, kisha akaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha akizikagua pande zote mbili, kwa kuwa alikuwa amewahi kufanya kazi naye.