Keria Isiyotikisika

Jumatatu, 4 Machi
Keria ya pikipiki yangu inacheza kama jino la mtoto. Mama mkwe, mwenye kuku mia tatu, anataka mtu mmoja wa kupeleka mayai sokoni kila siku. Ama mimi, ama mwanyumba wangu, mume wa shemeji. Majaribio Ijumaa. Nikikosa, nitabaki mume wa kulishwa.

Jumanne, 5 Machi
Fundi wa kuchomelea anasema bolti mbili zimelika. Tuweke mpya na vibamba vinene, basi. Basi! Nikamchorea nondo mbili, kutoka keria hadi kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Akauliza shokamzoba, zile springi za nyuma, zitapumulia wapi. Nikamwambia achomelee, asihoji. Akajibu haya bosi, pikipiki yako, kiuno chako.

Jumatano, 6 Machi
Haitikisiki! Nimepanda juu ya keria, nimeruka. Mke wangu akauliza kama naezeka paa. Nikampakia hadi dukani. Kashuka ameshika mgongo, kaapa kurudi kwa miguu. Hata nyumbani sina shabiki.

Alhamisi, 7 Machi
Mwanyumba kaja kuchungulia. Kabonyeza tandiko, halikuzama hata unywele. Akauliza kwa upole eti mayai nitayafikisha mabichi au yamekorogwa kabisa. Husuda! Nimeongeza nondo ya tatu.

Ijumaa, 8 Machi
Trei kumi. Kila tuta lilinipiga hadi kwenye meno. Keria kimya, imara, mali safi. Sokoni mama mkwe akafungua kamba. Mayai manne mazima. Mengine yalikuwa yanatiririka kwenye namba ya pikipiki. Hakufoka. Angefoka ningepona. Aliniita mwanangu, akanipa kitambaa nijifute, kisha akamwambia mwanyumba aanze kesho alfajiri. Nimelia kwenye kibanda cha vitunguu, ili nikiulizwa niwe na sababu.

Jumamosi, 9 Machi
Mwanyumba kapita na mayai, anapiga honi. Mke wangu kasema kwa sauti ndogo nikakate zile nondo. Fundi yuko tayari kuzikata bure, kwa huruma tu. Huruma! Sili huruma mimi. Nimechuchumaa kuichunguza pikipiki asubuhi nzima. Nondo hazijapinda. Bolti hazijalegea. Gurudumu la nyuma limetulia kama kaburi. Hatimaye nimeuona ubaya ulipo: la mbele bado linanesa.

Nimempelekea fundi nondo nne.