Daktari Nathanaeli na Ukurasa wa Tumbo la Ng'ombe

Jumatatu, 24 Machi 2025

Leo nimechekwa. Mimi, Nathanaeli, mtu wa miaka hamsini na nane, nimechekwa mbele ya watu saba nje ya ukumbi wa usharika.

Niandike kwa utaratibu, hasira isiniharibie mwandiko. Nilikuwa mtunza stoo ya dawa za mifugo kwa miaka kumi na moja. Nilipostaafu na kurudi huku Nkoaranga watu wakaanza kuniita Daktari. Sikuwakataza. Ingekuwa utovu wa adabu. Tangu hapo ng'ombe akiumwa, wanakuja kwangu. Nakaa barazani, nafumba macho kidogo, nasema. Wanashukuru, wanaondoka.

Leo Nelson, jirani yangu wa bondeni, kauliza: masika yameanza, majani ni mabichi, ng'ombe akivimba tumbo afanyeje? Nikajibu bila kusita. Mlaze ubavu wa kushoto, mnyweshe pombe ya ndizi. Baba yangu alisema hivyo. Au alisema kuhusu mbuzi. Sikumbuki vizuri.

Nelson hakushukuru. Katoa simu! Akasoma kwa sauti kutoka ile kamusi elezo ya bure ya mtandaoni: ng'ombe asilazwe, asimamishwe, kichwa kiinuliwe, aitwe daktari wa mifugo haraka. Halafu akaniuliza pombe ni ya ng'ombe au ya mganga.

Watu saba. Niliwahesabu wakicheka.

Jumanne, 25 Machi

Chanzo cha maradhi nimekigundua. Ni Mwalimu Tabitha. Anafundisha sekondari, na kila Jumanne jioni anawafundisha watu wazima ukumbini namna ya kutafuta maarifa kwenye simu. Bure. Hata chai hatozi. Mtu anayegawa bure kitu ambacho wenzake wameishi nacho kwa heshima, huyo anataka nini?

Nimekwenda kumkomesha. Nilipanga kusimama na kusema simu zinadanganya. Kakutana nami mlangoni, kasema shikamoo kwa magoti yaliyopinda kidogo, kanipa kiti cha mbele. Ikawa vigumu.

Ndipo nikasikia jambo. Akasema kurasa zile haziandikwi na Wazungu wala na serikali. Zinaandikwa na watu wa kawaida, kwa kujitolea, na yeyote akiona kosa anaweza kulisahihisha.

Nikauliza: yeyote? Akasema yeyote, mzee wangu. Nikauliza: hata mimi? Akafurahi mno. Akasema hao ndio wanaotafutwa, wazee wenye uzoefu. Akanifungulia akaunti palepale. Akauliza nitumie jina gani.

Daktari Nathanaeli wa Meru. Na picha juu, ile ya harusi ya mwanangu, niliyovaa tai.

Jumatano, 26 Machi

Asubuhi nimeandika ukurasa kuhusu mimi mwenyewe. Bingwa wa mifugo, mshauri wa vizazi viwili. Umefutwa baada ya dakika kumi na moja! Mtu nisiyemjua, yuko sijui nchi gani, kaniandikia kwa upole kwamba niweke chanzo cha kuaminika. Nimemjibu kwamba chanzo ni mimi. Hajanijibu. Nadhani ameona aibu.

Mchana nikapata akili. Kwa nini nijiandike, wakati naweza kuandika nilichosema? Nikafungua ukurasa wa ng'ombe kuvimba tumbo. Nikafuta habari ya kusimamishwa. Nikaandika: Wataalamu wa Meru wanashauri ng'ombe alazwe ubavu wa kushoto na anyweshwe pombe ya ndizi. Chini nikaweka jina la kitabu. Kitabu hicho hakipo, lakini kina jina zuri.

Nikasubiri dakika kumi na moja. Kimya. Saa nzima. Kimya.

Jioni nimeshuka kwa Nelson. Nikamwambia kwa unyenyekevu asome tena. Kasoma. Kasoma mara ya pili midomo ikicheza. Akasema huenda juzi macho yalimpotosha. Nikamwambia nimemsamehe.

Halafu nikampigia dada yangu Anyesi, kule Kikwe. Ni mjane, ana ng'ombe mmoja, na mwaka jana alinunua simu ya kuangalia mambo. Nikamwambia afungue ule ukurasa aone wakubwa wanasema nini kuhusu tumbo la ng'ombe. Akaufungua, akanisomea. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyosema siku zote.

Akacheka kwa furaha. Akasema kama simu na kaka yake wanasema kitu kimoja, basi hakuna haja ya kuuliza mtu mwingine.

Nimelala vizuri.

Ijumaa, 28 Machi

Ng'ombe wa Anyesi amekufa.

Alipiga simu mara tatu asubuhi. Simu yangu ilikuwa inachajiwa dukani, mimi nikiwa kwa Nelson nikielezea watu habari ya wataalamu. Mke wangu alipata taarifa kwa jirani wa Anyesi, akaja kuniita akiwa na khanga begani na sura niliyoijua.

Tulishuka mpaka lami, tukapanda bodaboda mbili.

Usiku wa kuamkia leo ilinyesha. Ng'ombe alikata kamba alfajiri akaingia kwenye majani ya maharage yaliyolowa. Saa mbili tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma. Kijana wa mifugo wa kata anakaa dakika ishirini kutoka pale kwa pikipiki. Anyesi hakumwita. Alifungua simu. Akamlaza ubavu wa kushoto. Akaazima pombe ya ndizi kwa jirani.

Nilimkuta amekaa chini karibu na zizi, miguu imenyooka mbele, matope mpaka magotini. Ndama wa miezi miwili alikuwa anamsukuma mama yake kwa pua. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa. Tangu shemeji yangu afariki, ng'ombe yule ndiye aliyeshika nyumba ile. Maziwa, samadi, kila kitu.

Anyesi akaniambia simu imemdanganya. Majirani waliokuwepo wakaitikia: simu hizi, simu hizi.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nilifungua kinywa. Kilichotoka ni hiki: niliwaambia mapema, simu si za kuamini.

Mke wangu aligeuka akanitazama. Hajui chochote. Lakini alinitazama.

Jumamosi, 29 Machi

Habari imepanda mlima kabla yangu. Nelson kaja asubuhi, kofia mkononi, kusema nilikuwa sahihi tangu Jumatatu: mwenye akili humwuliza mtu, si simu. Kafuatwa na wengine wanne. Mmoja ana kuku, mmoja ana mbuzi kilema. Baraza langu limejaa kama zamani.

Hiki ndicho nilichokitaka. Nilikaa, nikafumba macho kidogo, nikasema. Walishukuru, wakaondoka. Sikukumbuka nilichowaambia.

Mchana nimejificha nyuma ya migomba nikafungua ule ukurasa ili nifute maneno yangu. Hayapo. Yamekwisha kusahihishwa tangu jana saa sita mchana. Aliyesahihisha: Tabitha. Na ujumbe mfupi kwangu, wa leo asubuhi: Shikamoo mzee wangu, naomba tuonane kesho baada ya ibada.

Saa sita. Ng'ombe alikufa saa nne.

Jumapili, 30 Machi

Mahubiri yalikuwa marefu nami niliomba yawe marefu zaidi.

Mwalimu Tabitha alinipeleka chini ya mti wa kahawa wa mwisho, upande wa makaburi, watu wasisikie. Kanionyesha kitu kinachoitwa historia ya ukurasa. Kila badiliko lina jina na saa. Hakuna kinachopotea.

Nilikuwa na mpango. Nikasema simu yangu iliibwa Jumatano.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba jina ni langu, na picha ni yangu, na nimevaa tai.

Nikasema huenda mwizi alikuwa na picha yangu.

Hakucheka. Ningependa angecheka. Akaanza kulia, na kosa alilolilia lilikuwa lake. Akasema alijipangia kuzipitia kurasa za mifugo kila jioni, lakini Jumatano na Alhamisi alikuwa anasahihisha mitihani. Akasema ni yeye aliyenipa ufunguo na hakunifundisha mlango unafungua nini. Akasema amesikia habari za Kikwe jana, hajalala.

Mimi nilikuwa nimelala.

Akaniambia dada yangu lazima ajue, na ajue kutoka kwangu. Kama nataka, atanisindikiza. Nikasema nitakwenda mwenyewe.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda na jogoo. Mpango ulikuwa kwamba nimpe jogoo kwanza, nimsifu ndama, kisha niseme kuna mtu mmoja, asiyejulikana, aliharibu ukurasa.

Jogoo alikuwa mzito. Anyesi alimpokea, akamfunga mguuni, akanipa chai ya rangi. Akaomba radhi kwamba haina maziwa. Dada yangu aliniomba radhi.

Nikasema kuna mtu aliyeandika uongo kwenye ule ukurasa. Akauliza nani anaweza kufanya hivyo, ana faida gani. Nikatazama kikombe.

"Kaka," akasema. "Nani?"

"Mimi."

Hakuinuka. Hakupiga kelele. Akauliza: "Ulijua ni uongo?"

"Sikujua kama ni kweli."

"Sasa kwa nini uliandika?"

"Nelson alinicheka."

"Nelson alikucheka," akarudia polepole, kama mtu anayesoma maneno kwenye msalaba wa kaburi.

Ndama alikuwa anaita. Kisha akaniambia jambo ambalo sitaki kuliandika, lakini naandika.

"Alikuwa anataka kusimama, kaka. Mara mbili aliinua kichwa na miguu ya mbele. Alikuwa anajua mwenyewe. Mimi ndiye niliyemshika pembe nikamkandamiza chini, nikamwambia tulia mama, imeandikwa."

Nilitembea kwa miguu mpaka lami.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemweleza mke wangu yote. Alimaliza kuosha vyombo, akaenda nyuma, akamfungua mtamba wetu yule mwekundu aliyekuwa na mimba ya miezi sita, akamshika kamba, akaanza kushuka naye njia ya bondeni. Hakuniuliza. Nilimkimbilia na fimbo, nikisema ana mguu wa mbele wenye shida, asimharakishe. Akasema hilo atamwuliza daktari. Wa kweli.

Tumefika Kikwe saa tisa mchana. Anyesi aligusa paji la yule mtamba kwa muda mrefu. Mke wangu na yeye walikumbatiana. Mimi nilishika kamba.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilidhani Anyesi hataishika simu tena maisha yake yote. Leo kapanda mlima kutoka Kikwe, kajifunga kilemba cha kanisani, kaingia ukumbini, ambako darasa la Jumanne lilihamishiwa leo, kamwambia Mwalimu Tabitha anataka kujifunza kuandika kule.

Mwalimu Tabitha akamtazama kama anayeogopa kukosea. Anyesi akasema: palepale palipodanganya ndipo panapotakiwa kusema kweli. Watu wengi wana ng'ombe mmoja.

Walikaa saa mbili. Kijana wa mifugo wa kata alikuwa amempa kijitabu cha mafunzo, wakakitumia kama chanzo, ukurasa kwa ukurasa. Anyesi anaandika kwa kidole kimoja. Ameweka mistari mitatu: dalili za mwanzo, asilazwe kabisa, aitwe mtaalamu kabla ya kujaribu lolote. Alitaka kuongeza kwamba ng'ombe mwenyewe hujitahidi kusimama. Mwalimu akamwambia hilo halina chanzo kitabuni. Anyesi akafikiri, akakubali. Akasema atamwomba kijana wa mifugo aulize wakubwa zake, na siku likiandikwa mahali, atarudi kuliweka.

Nelson alikuwepo. Wale watu saba walikuwepo. Mimi nilikaa kiti cha nyuma. Nilisimama nikakiri mbele yao wote, kwa maneno machache. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nikiri na hapa pia: nimejivunia dada yangu leo kuliko nilivyowahi kujivunia nafsi yangu. Nimeapa. Sitamshauri mtu jambo nisilolijua. Nimeapa kwa mkono juu.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku nzuri. Mlima umefunguka mpaka kileleni, hakuna wingu. Nimeamka mwepesi, mtu mpya.

Saa nne Ezra wa kule juu kapita. Mgeni hapa, kahamia mwezi uliopita kutoka Engutoto, hajui habari zozote. Migomba yake inanyauka majani kuanzia juu. Kasikia huku kuna mzee anayejua mambo. Kasema shikamoo Daktari.

Sijasikia neno hilo kwa wiki nzima.

Nilikaa. Nilifumba macho kidogo, kwa kupumzika tu. Nikamwambia ni fuko. Fuko hula mizizi. Amwage majivu ya moto kwenye kila shina, yakiwa bado mekundu.

Akashukuru sana. Akasema atahakikisha na kwenye simu akifika nyumbani.

Nikamwambia hakuna haraka. Mtandao wa leo ni dhaifu kwa sababu ya mawingu. Aangalie kesho asubuhi.

Sasa ni saa saba mchana. Nimekaa nyuma ya migomba. Akaunti mpya imekubali. Safari hii sijaweka picha. Jina: Mpenda Ukweli.